Benki ikianguka, usianzie kwenye foleni

Stori nyingi za benki kuanguka zinaanza na watu wamejazana mlangoni, afu unaambiwa walipaniki benki ikafa. Foleni ndo mwisho wa stori bana, wewe ukitaka kuelewa kwa nini ilianguka rudi nyuma.

Kwanza uliza benki ilikopa kwa nani na hela ikaipeleka wapi. Kazi ya benki ni kuchukua hela ambayo mwenyewe anaweza kuidai hata leo mchana halafu inaikopesha kwa mtu atakayemaliza kulipa baada ya miaka 20, kwa hiyo hata benki isiyo na tatizo lolote, wenye hela wakija wote siku moja haina cha kuwapa. Mfano Northern Rock ya Uingereza, foleni zilionekana Septemba 2007 ila shida ilianza Agosti, walikuwa wanategemea kukopa kwenye soko la fedha, yaani kwa benki na wawekezaji wengine, ili watoe mikopo ya nyumba, soko likakauka, basi.

Pili tenganisha kukosa keshi na kufilisika. Jiulize wangepewa muda wa kuuza mali zao taratibu, madeni yangelipika? Wakubwa wa benki huwa wanasema ni keshi tu, mi siwaamini mpaka nione hesabu.

Madhara usiyatafute kwa waliopoteza akiba peke yao, fuata mikopo. Marekani kati ya 1930 na 1933 zilikufa benki kama 9,000 hivi, na mwenye biashara nzuri tu akakosa mkopo kwa sababu benki iliyokuwa inamjua haipo tena na zilizobaki zimekumbatia hela. Angalia na shida inavyovuka mipaka pia: Creditanstalt, benki ya Vienna huko Austria, iliyumba Mei 1931, Julai benki za Ujerumani zikafungwa, Septemba Uingereza ikaacha kufunga thamani ya hela yake kwenye dhahabu.

Mwisho soma sheria zilizotungwa baadaye, ila uliza zimemwacha nani nje. Bima ya amana, yaani ya kumlipa mwenye akiba benki ikifa, Marekani ilianza 1934 kwa dola 2,500 na ikatuliza watu kwelikweli, siku hizi inafika 250,000. Sasa Silicon Valley Bank ya hukohuko Marekani 2023, zaidi ya asilimia 90 ya amana zake zilikuwa nje ya bima kwa kuzidi kiwango hicho, riba zilipopanda hatifungani zake (hati za kukopesha zenye riba ileile ya zamani) zikashuka thamani, wateja wakashtuka, tarehe 9 Machi wakaomba kutoa dola bilioni 42 siku moja, wengi kwa kubonyeza tu mtandaoni, kesho yake ikafungwa.