Breki Iliyojificha Chini ya Pedeli

Ukikuta baiskeli ya mtumba ya milimani ambayo kwa nyuma haionyeshi breki, usianze kubishana bei. Ipindue kwanza. Mwezi wa nne kijana anayeshusha maziwa kutoka Kibosho aliniletea ya namna hiyo hapa kibandani kwangu Pasua, fremu ya chuma, nzito, rangi bado inang'aa. "Shikamoo fundi. Hii ya nyuma haishiki kabisa." Breki ilikuwepo, chini nyuma ya pedeli, imefunikwa na tope lililokauka pamoja na nyuzi za mgomba.

Hiyo ni breki ya U, ambayo mikono yake hulikumbatia tairi kama herufi U. Kati ya mwaka 1986 na 1989 hivi ilikuwa fasheni kuifunga pale. Wabunifu waliona mabomba ya chini ya fremu, yanayotoka kwenye pedeli hadi gurudumu la nyuma, hayapindi kirahisi breki inapobana, na miguu ya mwendeshaji haiigusi. Hesabu nzuri, ila pale ndipo tairi linapomwaga tope lote. Miaka michache tu, fasheni ikazikwa.

Wengi huja wakitaka niwafungie breki ya V, ile ya mikono miwili mirefu inayosimama kando ya gurudumu. Haiwezekani. Vishikizo vya breki ya U, yaani vipini vya fremu ambavyo mikono ya breki hufungwa, vimechomelewa juu zaidi ya rimu, vya V viko chini yake. Mimi mwenyewe nilishapoteza siku nzima na seti mpya kabla ya kulielewa hilo. Kama yako imekufa, tafuta breki ya U ya BMX, baiskeli ndogo za michezo. Vishikizo vyake ni vya aina hiyohiyo.

Kama ni chafu tu, toa upepo kwenye tairi, maana likijaa halipiti kwenye mipira ya breki, kisha chomoa gurudumu. Kwangua tope kwa kijiti, malizia kwa mswaki wa zamani. Fungua mikono ya breki, sugua vishikizo kwa msasa laini hadi ving'ae, paka grisi kidogo. Kidogo nasema, ikizidi inakusanya vumbi. Weka waya mpya. Ule wa zamani hata ukionekana mzima, ndani ya ganda lake kuna kutu.

Sasa sikiliza vizuri hapa, maana ndipo watu wanapopasua matairi. Breki hii mipira yake ikilika hupanda juu kuelekea tairi. Leo inagusa rimu, baada ya muda inakata ubavu wa tairi, na wewe uko kwenye mteremko na madumu ya maziwa. Kwa hiyo ifunge ikiwa chini kidogo kwenye rimu, upande wa spoku, na uipindue baiskeli kuikagua kila mwezi. Wakati wa masika, kila wiki.

Baiskeli ileile ilikuwa na gia ya mbele yenye umbo la yai, Biopace, ambayo Shimano waliileta mwaka 1983. Nilipokutana nayo mara ya kwanza niliigonga kwa nyundo nusu saa nikidhani imepinda! Izungushe uitazame kwa juu: ikipanda na kushuka bila kuyumba kushoto wala kulia, ni nzima, ndivyo ilivyozaliwa. Anayepanda mlima polepole haimsumbui. Ukiamua kuibadilisha, pima kwanza nafasi ya boli zake tano, ukanunue ya duara inayolingana.

La mwisho, beringi za usukani. Pima kwa nje bomba la foku linaloingia kwenye fremu. Milimita 25.4 au 28.6, vipuri utavipata. Likisoma 31.8, ni kipimo kinene ambacho Gary Fisher, Mmarekani mtengenezaji wa baiskeli za milimani, alikipigia debe halafu soko likakiacha. Hapo beringi zikiwa zimekwisha, mrudishie muuzaji.

Ya kijana nilimkabidhi jioni. Siku ya tatu akarudi: "Fundi, sasa ya mbele ndiyo haishiki."