Jedwali limekatwa kwenye simu? Washa mwonekano wa kompyuta

Ukifungua tovuti kwenye simu ukakuta safu za jedwali hazionekani, au kitufe cha kupakua fomu hakipo, usikimbilie kwenda kulipia kompyuta stesheneri. Kwenye Chrome ya Android gusa vidoti vitatu juu kulia, shuka hadi palipoandikwa "Desktop site", weka tiki. Ukurasa utajipakia upya, kwa hiyo fanya hivyo KABLA ya kuanza kujaza fomu, la sivyo ulichoandika kinaweza kupotea chote. Kisha laza simu, maana maandishi yatakuwa madogo kama chawa.

Inavyofanya kazi: kivinjari kinajitambulisha kwa tovuti kama kompyuta, na kinapanga ukurasa kana kwamba kioo kina upana wa pikseli 980 hivi, badala ya 360 au 400 za simu nyingi.

Inakwama wapi? Kama anwani inaanza na "m." huenda ukabaki kwenye toleo la simu hata ukiweka tiki, futa hiyo "m." mwenyewe, ufungue tena. Menyu zinazofunguka kwa kupitishiwa mshale wa mausi nazo husumbua, kidole hakielei juu ya kioo. Jaribu kubonyeza kwa muda. Opera Mini ikiwa kwenye ubanaji mkali wa data, fomu nyingi hugoma, hapo hamia Chrome. Ukimaliza toa tiki: kurasa za kompyuta mara nyingi huwa na picha kubwa, na bando la siku halichelewi kukata ukiwa bado foleni ya Ubungo.