Ukiwa na rafiki kijana, omba akufundishe kitu

Kwa tulio kwenye miaka ya 40 na 50 na tuna marafiki wa miaka ishirini na kitu: kabla hujamwaga ushauri, omba akufundishe kitu kimoja kidogo anachokijua kuliko wewe, na kazi uifanye kwa mkono wako. Kuhariri video, kwa mfano. Simu ibaki kwako, hata kama unaishika mbali na uso kwa sababu herufi zimeanza kufifia (macho ya miaka ya 40 ndivyo yalivyo, si wewe peke yako). Yeye aelekeze kwa mdomo tu.

Inasaidia kwa sababu kinachoua urafiki wa namna hii ni mkubwa kugeuza kila soga kuwa mawaidha. Mwanasaikolojia Erik Erikson aliuona umri huu kama mvutano kati ya kukilea kizazi kinachofuata na kudumaa, ila wengi wetu tunadhani kulea ni kuongea. Kijana akikuona umebofya pasipofaa, video yote imefutika na unacheka, naye huanza kuuliza ya kwake bila kusukumwa. Hapo sasa ushauri wako unatakiwa.

Haifai kwa kijana unayemlipa mshahara au unayemlipia ada, maana hawezi kukukatalia. Usijifanye hujui unachokijua pia; wanang'amua haraka mno. Na ukimwita kila wiki akurekebishie simu, huyo si rafiki tena, umepata fundi wa bure.