Somo: Windows na Linux Mint kwenye mashine moja

Hapa Lubumbashi laptop nyingi tunazonunua ni za mtumba kutoka Ulaya, na nyingi haziwezi kupokea Windows 11. Huduma ya kawaida ya Windows 10 nayo ilikwisha tarehe 14 Oktoba 2025. Mwanafunzi wa Polytechnique (uhandisi) anayechora kwa AutoCAD, programu isiyo na toleo la Linux, hawezi kuitupa Windows, lakini sipendi kumwona akiingia intaneti kila siku na mfumo usiopata masasisho ya usalama. Basi tuweke Linux Mint, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta, kando yake, ukiwasha mashine uchague. Kazi kubwa iko kabla ya kusakinisha, na huko ndiko nitakaa.

Hatua ya 1. Nakili mafaili yako kwenye diski ya nje. Kisha fungua Command Prompt kama msimamizi, uandike manage-bde -status. Ikionyesha kwamba C: imefungwa kwa BitLocker (kufuli la Windows linalosimba diski), tafuta ufunguo wake wa tarakimu 48, uuandike kwenye karatasi, ndipo uzime BitLocker na kusubiri imalize. Tafadhali usiruke hapa. Ukigusa mipangilio ya kuwashia mashine huku BitLocker inafanya kazi, Windows inaweza kukudai tarakimu hizo, na bila hizo hakuna fundi atakayekufungulia mafaili.

Hatua ya 2. Kwenye Options d'alimentation (mipangilio ya umeme), ondoa alama ya Activer le démarrage rapide (kuwaka haraka). Ikibaki, Windows haizimiki kabisa, na Linux itakataa kuandika kwenye C:.

Hatua ya 3. Punguza C: ukiwa ndani ya Windows yenyewe, maana yenyewe ndiyo inayojua mafaili yake yamekaa wapi. Bonyeza Windows na X, ingia Gestion des disques, bofya C: kwa kitufe cha kulia, chagua Réduire le volume. Kwa GB 50 andika 51200. Patatokea kipande chenye ukanda mweusi, Non alloué, yaani nafasi isiyogawiwa. Kiache hivyohivyo, usikipe herufi wala kukifomati. Kama diski ina nafasi tele lakini Windows inakubali kutoa kidogo tu, kuna faili lisilohamishika linaloziba njia. Andika powercfg /h off, washa upya, jaribu tena.

Hatua ya 4. Faili la kusakinishia Mint (ISO) lina karibu GB 3. Mega za intaneti ni ghali, kwa hiyo tunapeana kwa flashi, na ni vizuri, ila lihakiki: certutil -hashfile mint.iso SHA256 (weka jina la faili lako), kisha linganisha jibu na lile la tovuti ya Mint, herufi kwa herufi. Liandike kwa programu ya Rufus kwenye flashi ya GB 8 isiyo na kitu unachokihitaji, kwa sababu itafutwa yote.

Hatua ya 5. Betri ijae na chaja iwe imechomekwa. Umeme ukikatika katikati ya kusakinisha, betri ndiyo itakayokuokoa. Washa kwa flashi, ukibonyeza kitufe cha menyu ya kuwasha: HP ni F9, Dell na Lenovo mara nyingi F12. Kama Windows yako inaanza kwa UEFI (njia mpya ya kuwasha mashine), chagua flashi yenye neno UEFI. Jaribu Wi-Fi na sauti kabla ya kusakinisha chochote. Chagua kibodi ya Kifaransa mapema, la sivyo a na q zitabadilishana nafasi na nywila yako itakukataa baadaye. Kisha chagua Installer à côté de Windows (sakinisha kando ya Windows). Chaguo hilo lisipoonekana, ingia Autre chose (kitu kingine), upe ile nafasi tupu ext4 (muundo wa diski wa Linux) na alama ya /, yaani mahali mfumo utakapokaa. Patisheni ya EFI iliyopo itumie ilivyo. Usiifomati: ndimo Windows inamoanzia.

Maswali ya wanachama

Yaya, nimemaliza lakini inaingia Windows moja kwa moja. Menyu sijaiona.

Ingia BIOS (mipangilio ya msingi ya mashine), kwenye mpangilio wa kuwasha, upandishe ubuntu juu ya Windows Boot Manager. Usishangae jina, Mint imejengwa juu ya Ubuntu.

Mwalimu, nikirudi Windows saa inakuwa nyuma saa mbili. Betri ya ndani imekufa?

Hapana, dada. Linux huiweka saa ya mashine kwa UTC (saa ya dunia), nasi tuko mbele saa 2, lakini Windows huisoma kana kwamba ni saa ya hapa. Ukiwa Linux andika timedatectl set-local-rtc 1.

Mkubwa, Mint haioni diski kabisa, inaona flashi tu.

Huenda diski iko kwenye hali ya RST badala ya AHCI, ambazo ni njia mbili za mashine kuongea na diski. Usibadilishe BIOS ghafla, Windows itagoma kuwaka. Kwanza, ndani ya Windows, andika bcdedit /set safeboot minimal kama msimamizi. Washa upya ukiingia BIOS, weka AHCI, iache Windows iwake, kisha andika bcdedit /deletevalue safeboot na uwashe tena. Ikiwaka salama, rudi hatua ya 5.