Jipange na masika mapema, ukiwa Dar

Joto la Dar halina likizo. Februari mchana linafika nyuzi 32, Julai linashuka kidogo tu. Cha kupangia ni mvua: masika Machi hadi Mei, vuli Oktoba hadi Desemba.

Mwisho wa Februari mimi huweka ngazi nikazibua mfereji wa bati. Majani ya mwembe yakijazana pale konani, maji hurudi ndani na dari inaanza kuvimba. Mkaa nunua gunia mapema. Wa masika umelowa, moshi mtupu. Viatu vya ngozi na nguo za kabatini zianike kila jua likitoka, hata kwa saa moja, la sivyo zitaota ukungu.

Unatafuta chumba? Nenda kakione mvua ikinyesha, ukague alama za maji ukutani. Kodi nafuu ya bondeni isikuhadae, tafadhali. Mto Msimbazi ukifurika, barabara ya Morogoro pale Jangwani hufungwa, basi uliza kabla ya kutoka.

Mvua ikikatika, mwaga maji ya kwenye makopo na matairi. Mbu wa dengue huzaliana humo, na huuma mchana, kwa hiyo chandarua cha usiku pekee hakitoshi.