Kuchora mtawa wa Kihindi na wageni wake kwa rangi ya maji

Picha za namna hii zilipendwa sana kaskazini mwa India karne ya 17 na ya 18: mtawa ameketi chini ya mti au mlangoni mwa pango, na wakubwa wamekuja kumpa heshima. Mfano ninaourudia kila mara ni ule wa Jahangir, mfalme wa dola ya Mughal iliyotawala India, na mtawa Jadrup, uliopo makumbusho ya Guimet, Paris. Jahangir alimwendea Jadrup karibu na mji wa Ujjain, katikati mwa India, mwaka 1617, na kipande cha mwisho cha njia alikwenda kwa miguu. Itafute picha hiyo uiangalie kabla hujashika brashi: msafara mzima wa mfalme umebaki chini, juu wameketi wawili tu.

Hatua ya 1: Karatasi

Wenyewe huiita wasli: karatasi tatu au nne zilizobandikwa pamoja kwa gundi ya unga wa ngano. Pika uji mwepesi hadi ung'ae, uchuje kwa kitambaa, tia chembe ya mrututu ili wadudu wasiile. Mrututu ni sumu, kwa hiyo sufuria hiyo isirudi jikoni. Bandika, sukuma hewa kwa kiganja kutoka katikati kwenda pembeni, kisha weka chini ya ubao mzito siku mbili. Ikikauka, isugue kwa jiwe la akiki mpaka iwe nyororo kama ganda la yai. Akiki ya Gujarat imefika pwani yetu kwa majahazi tangu zamani ikiwa shanga. Ukikosa jiwe, mgongo wa kijiko cha chuma utafaa.

Hatua ya 2: Mpangilio

Hapa usiwe na haraka. Anza na mtawa, kwa penseli nyepesi, umkalishe juu ya ngozi ya swala au ya chui milia. Picha yangu ya kwanza nilimfanya mkubwa kuliko wote nikidhani ndiyo heshima, akatoka kama jitu la hadithi. Heshima inatokana na nafasi tupu inayomzunguka, na jinsi wengine walivyojikunja: viatu vimevuliwa, magoti chini, viganja vimekutana. Wageni wasifanane. Mmoja awe mzee anayeinama kwa shida, mwingine mtoto anayechungulia nyuma ya nguo ya mama yake, na nyuma kabisa mchunga farasi aliyechoka kusubiri.

Ujue pia mtawa wako ni mfuasi wa mungu gani wa Kihindu. Wa Shiva hujichora kwenye paji la uso mistari mitatu ya majivu iliyolala. Ya wafuasi wa Vishnu husimama. Ukichanganya, ni sawa na kumchora shehe mwenye msalaba shingoni. Mali yake ni chache: moto, chombo cha maji, shanga, na gongo fupi la kuegemeza mkono. Mti ukiwa banyan, ndugu wa mkuyu wetu, usisahau mizizi inayoning'inia kutoka matawini.

Hatua ya 3: Rangi

Wazee wa kazi walitumia nili, masizi, zingefuri (nyekundu ya jiwe), na buluu ya jiwe la lazuli kutoka Badakhshan, Afghanistan. Zingefuri ina zebaki, usiisage nyumbani; nunua guwashi, yaani rangi ya maji nzito isiyopenyesha mwanga, ya tyubu. Ukitaka kusaga nili au masizi mwenyewe, changanya na gundi ya mgunga ndani ya ganda la kome. Gundi ikizidi rangi hupasuka, ikipungua hufutika kwa kidole. Jaribu pembeni kwanza.

Hatua ya 4: Tabaka za chini

Pitisha nyeupe nyepesi juu ya mchoro wote, mistari ionekane kwa mbali, kisha uichore upya kwa brashi. Jaza anga, ardhi, mti, nguo na ngozi kwa tabaka mbili tatu nyembamba. Zikikauka, ilaze picha kifudifudi juu ya kioo na usugue mgongo wake kwa akiki. Rangi hulala na kushikana na karatasi.

Hatua ya 5: Majivu

Watawa wa namna hii hujipaka majivu mwilini. Wengi humpaka mtawa kijivu moja kwa moja, naye anaonekana maiti. Mpe kwanza ngozi ya kahawia iliyo hai. Kisha changanya nyeupe, tone la masizi na tone la nili, uipunguze kwa maji, na upake kwa brashi iliyokaribia kukauka. Anza kifuani na mabegani. Kwenye viwiko na magoti acha kahawia itokeze, kwani huko majivu hufutika. Nywele zilizosokotana zipake kahawia iliyofifia. Nyeusi itazifanya zionekane zimetoka saluni.

Hatua ya 6: Vivuli na dhahabu

Kivuli huwekwa kwa vistari vidogo mno, kazi inayoitwa pardakht, kwa brashi ya manyoya ya kindi yenye ncha kama unywele mmoja. Uso mmoja hunichukua jioni mbili. Mistari ya ukingo ifuate rangi ya kitu chenyewe iliyokolezwa, si nyeusi kila mahali.

Dhahabu iende kwa wageni tu: pindo la kilemba, mpini wa jambia, hatamu za farasi. Isugue kwa akiki ikikauka.

Macho ya mtawa mimi huyaacha mwisho. Yasimtazame mwenye kilemba cha dhahabu. Yaelekeze kwenye moto.