SOMO: Namna ya kutafuta asili ya jina la ukoo wako

Wakuu, kila wiki naulizwa "jina fulani ni la kabila gani?" Naandika mara moja hapa. Someni mpaka mwisho kabla ya kuuliza.

1. Kusanya vyeti: vya kuzaliwa, ubatizo, ndoa. Nakili jina kama lilivyo kwenye kila karatasi, hata kama herufi zinapishana.

2. Jua jina lako la tatu ni la nani. Hapa ndipo nilipoharibu. Babu yangu aliitwa Shija. Mimi mtoto wa Temeke, Kisukuma changu cha salamu tu, nikaamini kuna ukoo wa Shija. Miezi mitatu nilipigia simu akina Shija wa Mwanza na Shinyanga nikiwaita ndugu, hadi nikachangia msiba wa familia moja. Shangazi aliposikia akaniuliza, "Mwanangu, hukujua babu yako alizaliwa nyuma ya mapacha?" Kwa Wasukuma pacha wa kwanza ni Kulwa, wa pili Doto, anayewafuata ni Shija. Nyumba yoyote iliyopata mapacha yaweza kuwa na Shija wake. Jina letu la ukoo ni jingine kabisa, na halimo kwenye cheti hata kimoja.

TAHADHARI: wengi wetu tunaandika jina letu, la baba, la babu. Karani akiona "jina la ukoo" anajaza la mwisho. Hata Mwalimu, "Nyerere" lilikuwa jina la baba yake, Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki, na kwao maana yake ni kiwavi. Na usitafsiri kwa Kiswahili jina lisilo la Kiswahili, utajipa ukoo wa kubuni.

3. Tazama mwanzo wa jina. "Ole" ni mwana wa, kwa Wamasai. "Mwa-" ni ya Wanyakyusa wengi, lakini Wadigo wa Tanga nao wanayo, kwa hiyo usikimbilie Mbeya.

4. Kaa na mzee, rekodi kwa simu. Uliza miiko ya ukoo na makaburi yalipo.

5. Nyaraka. Kabla ya Uhuru vizazi vingi vya Waafrika havikusajiliwa, kwa hiyo vitabu vya ubatizo ni hazina. Misheni ya Bagamoyo ipo tangu 1868. Nyaraka za Taifa pale Upanga, Dar es Salaam, zina mafaili ya Wajerumani na Waingereza.

Kuhusu idadi: sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120, ila kabila halijaulizwa tangu 1967. Takwimu za majina mtandaoni ni makadirio.

MASWALI

Kijana wa Mbagala: Mkuu, Massawe ni wa wapi?
— Wachaga, Kilimanjaro. Upande gani wa mlima, muulize baba yako. Hatua ya 4.

Mama Wawili: Kwa hiyo jina letu ni feki?
— Sijasema hivyo popote. Nimesema hakikisha ni la nani. Rudia hatua ya 2.

Binti Songea: Sisi ni akina Gama. Bibi anasema tulitoka Afrika Kusini. Nianzie wapi?
— Bibi yuko sahihi, na swali lako limenifurahisha. Gama ni jina la ukoo hasa, la watawala wa Njelu, ufalme mmoja wa Wangoni wa Songea. Nkosi (yaani mfalme) Mputa Gama alinyongwa na Wajerumani 1906 wakati wa vita vya Majimaji. Wangoni walivuka Zambezi mwaka 1835 chini ya Zwangendaba wa ukoo wa Jere. Ila njiani walipokea watu wengi wa makabila mengine, kwa hiyo muulize bibi ninyi ni Gama wa kuzaliwa au wa kupokelewa. Muulize kwa upole, faragha. Ukipata jibu, niandikie.

Msomaji Kinondoni: Kwenye mafaili ya Wajerumani sioni Wachaga kabisa.
— Tafuta "Dschagga", ndivyo walivyoandika. Na kwao s moja katikati ya irabu husomwa z, kwa hiyo jaribu jina kwa s moja na kwa mbili.

Mzee wa Tandika: Nyongeza. Nenda kwenye arobaini. Wazee wakianza kuhesabiana ukoo, kaa karibu na daftari.
— Shikamoo mzee. Hiyo naiongeza kwenye hatua ya 4.

Binti Songea: Samahani, na la kwenu lenyewe ni lipi?
— Shangazi aliniomba nisiliandike mtandaoni. Namheshimu.